Kufunga sola nyumbani Dar: vibali gani unahitaji, uanzie ofisi gani, na nani asaini

Tangu ule mgao wa mwishoni mwa 2023 watu wengi sana hapa Dar wamenunua paneli, na kila baada ya siku chache napigiwa simu na ndugu au jirani anauliza kitu kilekile: hivi kufunga sola nyumbani lazima niwe na kibali? Mimi nimefunga kwangu Kimara, alafu nikamsimamia dada yangu Tabata akafunga mara mbili, mara mbili kwasababu ya kwanza iliungua na nitaeleza ilikuaje, kwahiyo naandika yote hapa mara moja ili nikiulizwa tena nikutumie usome.

Kwanza niseme ukweli wa kilichonitokea. Nilizunguka ofisi tatu nikiulizia fomu ya kibali cha sola na hakuna hata moja iliyonipa karatasi yenye jina hilo. Kilichopo ni vipande: kipande kimoja kiko kwa fundi, kingine manispaa, kingine TANESCO, na kingine kwa mwenye nyumba au majirani mnaochangia paa. Unahitaji vipande vipi inategemea swali moja ambalo lazima ulijibu kabla hujatoa hata shilingi: umeme wa sola yako utakutana na umeme wa TANESCO mahali popote ndani ya nyumba, au hautakutana kabisa?

Hatua ya 1: jua unafunga mfumo wa aina gani

Kuna mfumo unaojitegemea kabisa. Paneli, chaji kontrola (inayopima chaji isizidi kwenye betri), betri, inveta (inayogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) na waya zake, taa zake na soketi zake, haugusi waringi wa TANESCO popote. Huu ndio rahisi kwa makaratasi, mtu wa Chanika au Kibada ambaye nguzo haijamfikia anafunga huu.

Wa pili ni haibridi, na Dar wengi ndio tunafunga huu. Inveta moja inapokea sola, inapokea betri, na inapokea TANESCO pia, sola ikipungua au betri ikiisha inachukua umeme wa LUKU, lakini imepangwa isirudishe kitu nje. Hapa tayari nyaya zimekutana ndani ya inveta, kwahiyo usikubali fundi akuambie "hii haiwahusu TANESCO".

Wa tatu ni ule unaosukuma umeme kwenye gridi, yaani kwenye nyaya za TANESCO za nje, mchana unazalisha zaidi ya unachotumia na ziada inatoka nje. Huu usiuguse mpaka uwe na makubaliano ya maandishi na TANESCO. Mita ya LUKU uliyonayo ukutani haikuwekwa kwa kazi ya kuuza, na mita nyingi za aina hii zikiona umeme unapita kinyume ama zinauhesabu kama matumizi na kukukata yuniti, ama zinajifunga zikidhani umezichezea. Ikijifunga hapo uanze kueleza kwamba hukuiba umeme, ni kazi.

Kuhusu leseni ya kuzalisha umeme, maana kuna watu wanatishwa na hili: Sheria ya Umeme ya 2008 mpaka wake wa kudai leseni ni megawati 1 kwa anayezalisha kwa matumizi yake mwenyewe. Megawati 1 ni kilowati 1,000. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu ina friji, feni, pampu ya maji na tv, unazungumzia kilowati 3 mpaka 5. Kwahiyo mtu akija kwako anasema amekuletea "leseni ya EWURA ya kuzalisha" (EWURA ni mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji) kwa laki kadhaa ujue huyo ni kishoka, mwambie aende.

Hatua ya 2: paa ni la nani

Hii watu wanairuka alafu wanagombana baadae. Kama nyumba ni yako na hati au mkataba wa kiwanja una jina lako, nenda moja kwa moja hatua ya tatu.

Kama umepanga, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na kwenye hayo maandishi iandikwe kwamba paneli, inveta na betri ni mali yako na ukihama unaondoka navyo na utaziba matundu ya bati. Andikeni nakala mbili, pelekeni kwa mtendaji wa mtaa agonge muhuri kama shahidi. Mwanzo inaonekana kama kumkosea mzee wa watu imani lakini mzee akifariki utakuja kushughulika na watoto wake, na wao hawakuwepo mlipokubaliana kwa mdomo.

Kama unakaa fleti, paa sio lako hata kama fleti umeinunua. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 kila mmoja ana kipande chake na paa, ngazi, korido ni vya wote, kwahiyo unahitaji kikao cha wamiliki na muhtasari uliosainiwa. Wapangaji wa nyumba za NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) na zile za mashirika, barua iende kwa mwenye jengo, usipandishe kitu kabla hujajibiwa.

Hatua ya 3: fundi mwenye leseni, na hapa naomba usome taratibu

Ukiniuliza ni karatasi gani moja kati ya zote ndiyo yenye maana kuliko nyingine nitakuambia ni leseni ya fundi. Kazi za kufunga umeme Tanzania zinafanywa na mtu mwenye leseni ya EWURA. Leseni ina jina, picha, daraja na tarehe ya kuisha, na daraja ndio linasema huyo mtu anaruhusiwa kugusa kazi ya ukubwa gani. Mwombe akuonyeshe, usione aibu, fundi mwenye nayo anaitoa haraka na wengine wanaibeba kwenye simu. Angalia tarehe. Angalia jina lifanane na kitambulisho chake cha NIDA. Alafu hakikisha na EWURA wenyewe kama iko hai, maana leseni ya kuazima zipo, unakuta mwenye jina yuko Mwanza na huku kaja mdogo wake.

Ukichukua kampuni, sio fundi mmoja mmoja, uliza pia usajili wao Bodi ya Makandarasi kwa kazi za umeme.

Sasa nieleze ya dada. Alimpata fundi kwa kuelekezwa, kijana mpole, bei nzuri, anafunga mpaka usiku. Leseni hakuulizwa. Akafunga paneli nne, inveta, betri mbili, vikawaka vizuri. Ila badala ya kupitisha umeme wa inveta kwenye chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au sola, sio vyote pamoja) au kwenye bodi yake, alitengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja kwenye inveta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, alafu akamwambia dada "umeme ukikatika zima mein swichi kwanza, kisha chomeka". Wiki tatu hivi dada alikumbuka kila mara. Siku moja hakuwepo, umeme ukakatika, mtoto akachomeka bila kuzima mein. Baada ya saa mbili TANESCO ikarudi, umeme ukakutana na umeme. Nilifika jioni ile nikakuta inveta imefunguka pembeni kama kopo lililopigwa, ukuta una doa jeusi la masizi linapanda mpaka kwenye dari ya jipsamu, na ile harufu ya plastiki iliyoungua imeingia mpaka kwenye mapazia. Ncha nyingine ya ule waya ilikua imelala sakafuni, pini zake za shaba ziko wazi, na mtoto alikua amekaa hatua mbili kutoka pale. Mtoto yuko salama. Mimi mpaka leo nikiona waya wa hivyo dukani nasimama namwambia muuzaji autoe.

Na hiyo ni hatari ya ndani ya nyumba tu. Ya nje ni kubwa zaidi. Mtaa wenu umezimwa, fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo anajua waya umekufa, wewe ndani inveta yako inasukuma volti 230 kurudi nje. Ile transfoma ya mtaani inayoshusha kutoka volti 11,000 au 33,000 ikilishwa kinyume inaweza kuupandisha umeme kurudi kwenye maelfu hayohayo. Huyo fundi ana familia Mbagala au Gongo la Mboto kama wewe. Ndio maana wanauliza sana habari za inveta yako, sio kukusumbua.

Hatua ya 4: serikali ya mtaa na manispaa

Serikali ya mtaa nenda tu hata kama hujaambiwa. Mueleze mtendaji au mwenyekiti unafunga sola, mafundi watakua juu ya paa siku mbili, mpe majina yao. Dar ya sasa watu juu ya bati na mikoba ya nyaya wanaweza kuitiwa mwizi, na pia utahitaji barua ya utambulisho kwa ofisi nyingine kwahiyo unaua ndege wawili.

Manispaa inategemea unachojenga. Paneli zilizolala kwenye bati lililopo, zimefuata mteremko wa paa, hujabadili kenchi wala hujaongeza ukuta, hiyo ni kazi ya umeme. Lakini ukisimamisha fremu ya chuma juu ya slabu, ukajenga banda la gari ili paneli ziwe paa lake, ukanyanyua paa au kubadili kenchi, hapo umeingia kwenye ujenzi na unahitaji kibali cha ujenzi au cha ukarabati. Nenda idara ya mipango miji na ujenzi ya halmashauri yako, uwe na nakala ya hati au barua ya umiliki, mchoro wa unachotaka kujenga, na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Malipo ni kwa kontrol namba, usimpe mtu hela mkononi hata akisema ni ya haraka.

Jua uko halmashauri ipi. Dar ziko tano: Jiji la Dar es Salaam ambalo ndio iliyokua Ilala mpaka 2021, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mtu wa Mbezi Beach ni Kinondoni, wa Mbezi Luis ni Ubungo, na nimeshaona mtu kapoteza siku nzima kwa kuchanganya Mbezi.

Ukijenga bila kibali wakaja kukupigia X nyekundu, fremu ya milioni mbili inashuka kwa hela yako mwenyewe. Na kama nyumba iko chini au pembeni ya laini kubwa za umeme, ule mkuza (eneo linaloachwa wazi kwa ajili ya laini) una masharti yake, usinyanyue chuma chochote hapo kabla ya kuwauliza TANESCO.

Hatua ya 5: TANESCO

Mfumo unaojitegemea kabisa, huna cha kuwapelekea. Haibridi ya kutorudisha umeme, mimi nilipeleka barua, na ningefanya hivyo tena, sababu siku wakikagua mita wakakuta inveta imeunganishwa karibu yake unataka uwe na nakala yenye muhuri wa "imepokelewa". Ya kusukuma nje, barua ndio mwanzo tu, kuna ukaguzi na makubaliano na pengine mita tofauti, subiri mpaka umalizane nao ndio uwashe.

Barua iandikwe kwa meneja wa eneo lako, na hapa tena angalia maana mikoa ya TANESCO haifuati manispaa, Kinondoni kwa mfano wameigawa Kaskazini na Kusini. Ndani ya barua weka:

- jina lako, mtaa, namba ya nyumba, na namba ya mita, zile tarakimu 11
- nyumba ni fezi moja au tatu
- ukubwa wa paneli kwa jumla, ukubwa wa inveta, aina ya betri
- sentensi moja wazi kwamba mfumo umepangwa usirudishe umeme kwenye gridi, na umeme wa TANESCO ukikatika inveta inajitenga yenyewe
- nakala ya leseni ya fundi, mchoro wa jinsi nyaya zinavyokwenda kutoka paneli mpaka bodi, na karatasi ya maelezo ya inveta

Huo mchoro wa nyaya fundi wako ndio auchore na kusaini. Akisema hawezi kuchora, basi huyo sio wa kupanda kwenye paa lako. Swali la haraka unaweza kupiga 180, lakini majibu ya simu usiyategemee kama kibali, taka maandishi.

Hatua ya 6: vifaa

Fupi tu. Nunua penye risiti ya EFD, iandikwe modeli na namba za kila kifaa, sio "sola seti 1". Nyuma ya paneli tafuta namba za viwango vya kimataifa, IEC 61215 na IEC 61730, kwenye inveta IEC 62109, na muulize muuzaji cheti cha ubora wa ule mzigo, TBS ndio wenye dhamana ya viwango nchini. Kariakoo kuna maduka mazuri na kuna paneli zimebandikwa wati 400 wakati ukubwa wake ni wa wati 250, beba futi kamba. Paneli ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.28 na upana mita 1.13 na uzito kilo 27 hivi, ukiambiwa ni 550 na unaibeba kwapani peke yako bila shida, hapana.

Hatua ya 7: kabla hawajapanda juu

Paneli nane za hivyo ni zaidi ya kilo 210 na bado reli zake, vile vyuma vya kushikilia paneli. Ingia darini na tochi, gonga papi na kenchi, angalia mchwa, hasa nyumba za miaka ya nyuma ambazo mbao hazikupakwa dawa. Reli zifungwe kwenye papi, sio kwenye bati tupu, maana kusi ikianza kuvuma upepo unaingia chini ya paneli na kunyanyua. Wa Kigamboni, Msasani, Kunduchi, chumvi ya bahari inakula bolti za kawaida ndani ya mwaka, taka stenlesi na reli za alumini.

Dar tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta kwahiyo paneli zielekee kaskazini na mlalo mdogo tu, nyuzi 10 zinatosha, zisilazwe bapa kabisa maana vumbi la kiangazi litaganda na mvua haitalisafisha.

Alafu jambo la usalama ambalo mafundi wengi wanalichukulia poa. Paneli nane zikiunganishwa mfululizo zinatoa karibu volti 400 za diisi (DC, umeme wa aina ya betri), na huwezi kuzizima kama unavyozima taa, jua likiwepo zina umeme. Lazima kuwe na swichi ya diisi ya kutenganisha karibu na inveta, breka ziwe za diisi kweli (breka ya kawaida ya nyumbani ikikata diisi inaweza kuendelea kutoa cheche ndani mpaka iungue), na asi yake (waya wa kwenda ardhini) ipimwe kwa kifaa, sio fundi kuchimbia nondo na kusema tayari. Mwambie akuonyeshe namba kwenye hicho kifaa na aiandike. Na wakiwa wanapandisha reli za mita nne, waya wa TANESCO unaoingia kwenye fasia yako uko wapi? Kwangu ulikua sentimita kama sabini kutoka kona ya kupandia, tukahamisha ngazi upande wa pili wa nyumba, ilituchelewesha saa nzima na sijuti.

Betri zisikae chumbani mnapolala. Za asidi zinatoa gesi inayowaka wakati wa kuchaji, zinahitaji hewa. Za lithiamu hazitoi hivyo lakini nazo hazipendi joto, store yenye dirisha au baraza lililofunikwa ni sawa.

Hatua ya 8: kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho

Bakiza sehemu ya malipo. Zima mein ya TANESCO mwenyewe, sola ikiwa inafanya kazi, alafu mwambie fundi apime kwenye ncha za mein za upande wa nyumba kama kuna umeme wa inveta unaorudi (sio ncha za upande wa mita, hizo bado zina umeme wa TANESCO). Lazima isome sifuri. Hili jaribio ni dakika tano na ndilo lingemwokoa dada yangu na inveta yake. Kisha akupe karatasi ya vipimo iliyosainiwa, na namba ya leseni yake juu yake, ukaweke kwenye faili pamoja na risiti, waranti, mchoro, barua ya TANESCO yenye muhuri, na makubaliano ya mwenye nyumba kama yapo. Piga picha zote uzitume WhatsApp kwa mtu wa nyumbani, faili za karatasi na mafuriko ya Dar mnajua.

Kitu kimoja ninachoulizwa sana: nikihamia sola moja kwa moja nisinunue LUKU, kodi ya jengo inaisha? Haiishi. Kodi ya jengo ni ya jengo, LUKU ni njia tu ya kuikata, kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, yaani 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme miezi sita, siku ukinunua unakuta deni linakusubiri, kwahiyo usishangae yuniti zikija chache.

Mwisho, chukua kibao au hata karatasi iliyowekwa plastiki, uandike kwa herufi kubwa NYUMBA HII INA SOLA NA BETRI, na mshale unaoonyesha swichi ya diisi iko wapi, ubandike pembeni ya mita na kingine karibu na geti. Siku ikitokea moto ukawaita Zimamoto kwa 114, yule askari wa kwanza kushuka na mpira wa maji anatakiwa akione kabla hajamwaga maji kwenye paa lenye volti 400.